Kilo Nne za Shaba

Tukubaliane tangu mwanzo, tusije tukasumbuana mbele: siku ile mjinga alikuwa Aziz. Si dada yake Zakiya, aliyelia mpaka ncha ya shela ikalowa. Si daktari, si mama yao mzee, wala si Filomena wa jikoni. Wajinga wengine wote wa Maskati walichukua likizo Alkhamisi hiyo, wakamwachia zamu yeye peke yake, naye akaishika kwa bidii tangu saa nne ya asubuhi mpaka alasiri.

Na ubaya wa ujinga wake ni kwamba ulikuwa ujinga wa mtu mjuzi. Aziz ni fundi mizani. Ana duka Hamriya, upana wake kama kitanda cha watu wawili, na kwa miaka ishirini na mbili amekuwa akitengeneza mizani za wauza dhahabu, za samaki, za mboga, na zile za kupimia masanduku ya wafanyakazi wanaorudi makwao. Muuzaji na mteja wakishikana mashati, huitwa Aziz. Hufika na kasha la mawe ya mizani, akayapanga moja moja kwa kitambaa ili jasho la vidole lisiyaongezee uzito, akatazama, akasema neno moja, na watu wakatawanyika. Mtu akiaminiwa hivyo miaka mingi, mwisho hujiamini hata pale ambapo hajaulizwa.

Tena alikuwa mtani. Dunia ilikwisha kumchapa vya kutosha: kimbunga kiliingia dukani kikatoka na nusu ya mali, mke akatoka bila kungoja kimbunga, na shemeji yake, mume wa Zakiya, akafa barabarani, akamwachia nyumba ya Amerat yenye mjane, mtoto wa miaka sita na kikongwe wa kuwatunza. Aziz aliyapokea yote kwa mzaha. Kulia alijaribu mara moja, akaona hakumsaidii kitu. Kila mtu pale nyumbani alikuwa na jina alilobandikwa naye. Yule mtoto, Mazoon, kwa ajili ya mashavu yake yaliyoumuka kama mkate wa boflo, aliitwa Bi Boflo.

Idi ya mwaka juzi aliwapeleka watoto wa ukoo wote dukani kuwaonesha mizani mpya ya magunia. Akampandisha Mazoon, wakati huo wa miaka kumi na mitano, juu yake, akajifanya karani wa bandarini, akatangaza kilo zake kwa sauti iliyomtoa nje fundi cherehani wa mlango wa pili kutazama kuna nini. Watu walicheka. Mazoon alicheka pia, na Aziz akakichukua kile kicheko kuwa ruhusa.

Sasa Bi Boflo ana miaka kumi na saba, na mashavu hayapo.

Asubuhi ya Alkhamisi hiyo Zakiya alimpigia simu: "Kaka, njoo Qurum. Daktari anataka saini, na mkono wangu hauwezi bila neno lako." Ndivyo nyumba yao ilivyokwenda tangu alipofiwa. Karatasi yoyote yenye muhuri, iwe ya shule, ya umeme au ya gari, Zakiya hakuitia kalamu mpaka kaka yake aseme sawa. Aziz akafunga duka, akaendesha, akaingia kliniki akinukia mafuta ya mashine mahali ambapo hata kiyoyozi kilinong'ona.

Mazoon alikaa katikati, abaya imemwelea kama nguo iliyotundikwa kambani, na juu ya abaya sweta. Nje joto lilikuwa nyuzi arobaini na mbili.

Daktari aliitwa Khawla, mwanamke wa makamo, mtoto wa nyumba ya Kiswahili kama wao. Hakuzunguka.

"Ami Aziz, nataka Mazoon alazwe leo. Kesho sitaki. Na nataka alazwe kwa madaktari wa maradhi ya akili."

Zakiya akashika mkono wa kiti. Aziz yeye akacheka.

"Akili? Daktari, huyu wa kwanza darasani. Akili anazo za kugawa. Kama nyinyi hapa zimewapungukieni, semeni, atawakateni kipande."

Mazoon akatabasamu kidogo. Daktari hakutabasamu.

"Akili ya hesabu siisemi. Nasema maradhi yenye jina na yenye tiba. Mtu ana njaa, na akili yake inamkataza kula. Anajitazama kwenye kioo, anaona mtu mwingine, mnene, anamchukia. Si ukaidi huu, wala si deko. Katika maradhi yote ninayotibu haya ndiyo yananitia khofu, maana yanaua huku mgonjwa akisema hajambo."

"Anasema hajambo kwa sababu hajambo! Mtoto anafunga. Kamaliza Ramadhani, akaunganisha sita za Shawwal, na sasa Jumatatu na Alkhamisi hazimpiti. Wenziwe wako na simu, yeye yuko na sunna. Watu wa mtaa wanawatolea mfano binti zao. Halafu wewe unataka nikamweke na wendawazimu, na wanaovua nguo sokoni?"

"Wanaovua nguo sokoni unawaona, Ami. Huyu hutamwona mpaka awe kwenye machela."

"Na hii je?" Aziz akaigonga karatasi ya vipimo iliyokuwa mezani. Hapo ndipo alipoingia uwanja wake, na mtu akiingia uwanja wake hunyoosha shingo. "Umempima mwenyewe, wiki nne. Kila wiki kaongezeka kilo moja. Moja, moja, moja, moja. Mimi mtu wa mizani, daktari. Ulimwengu mzima huu unasema uongo, mizani haina ulimi wa kusemea."

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kilo moja kamili kila wiki. Mwili gani unaongezeka hivyo? Mizani inapanda, damu inashuka, mapigo ya moyo yanashuka. Kimoja kati ya hivyo kinatudanganya."

"Basi ni hiyo mashine yenu ya damu."

Daktari akavuta pumzi. "Leo nataka apimwe upya, amevaa gauni la hospitali peke yake. Muuguzi ni mwanamke, na mlango utafungwa."

Mazoon alimtazama mjomba wake tu, kwa macho ambayo siku hizi yalikuwa makubwa kupita uso. Aziz akaliona lile jicho, akadhani ni la haya.

"Hilo halipo," akasema. "Binti yetu havuliwi nguo kwa ajili ya mizani. Mizani nzuri hutoa uzito wa nguo yenyewe. Kama yako haiwezi, niletee Hamriya nitakutengenezea bure."

Chini ya meza, vidole vya Mazoon vikaushika mkono wake, vikaubana kwa shukrani. Vilikuwa baridi kama vidole vya mtu aliyetoka kuosha samaki wa barafu. Aziz akavibana naye. Alijisikia mlezi.

Zakiya alikuwa tayari ameshika kalamu. "Kaka?"

"Irudishe."

Akairudisha. Daktari Khawla akawasindikiza mpaka mlangoni, akaandika nambari yake ya simu juu ya kikaratasi, akampa Zakiya, si Aziz. "Akianguka," akasema, "msiseme ni saumu."

Njia ya kurudi Amerat hupanda mlima kisha ikashuka, na gari la Aziz hulalamika kote kuwili. Zakiya alikaa mbele akitazama dirishani. Nyuma, Mazoon aliomba kiyoyozi kizimwe. Kikazimwa. Mafundi wawili kwenye gari la pembeni, waliofungua vioo vyote, waliwatazama watu hawa wanaochemka kwa hiari yao.

Kwenye kona ya kwanza Mazoon akalalia mlango, na kitu kikagonga: kling.

"Nini hicho?" Zakiya akauliza.

"Mifupa ya Bi Boflo," alisema Aziz.

Ndiyo, alisema hivyo. Mazoon akacheka, ha ha, kama kengele iliyopasuka, akajivuta mbali na mlango. Aziz, ambaye usiku wa giza angeweza kukuambia kwa mlio tu kama jiwe lililoanguka ni la shaba au la chuma, alidhani ni spana zake chini ya kiti.

Walipoteremka upande wa pili wakayapita makaburi. Aziz akapunguza mwendo, akatoa salamu kwa waliolala, kama afanyavyo kila siku. Jumatatu tu alikuwa pale, kumzika mama wa jirani yao. Ni yeye aliyeinama kuliweka lile jiwe la tatu. Mwanamume huwekewa mawe mawili, mwanamke matatu, halafu watu wanakung'uta mikono na kwenda zao. Sasa, bila kutaka, akayatafuta kwa macho yale mawe matatu mapya. Hakuyaona. Yalikuwa mengi mno yanayofanana. Akaongeza mwendo kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani, mama yao, Bibi Mwanamize, alikuwa ameketi mkekani sebuleni akimngoja mtu wa kumpa khabari. Mazoon akambusu mkono, akasema anakwenda kulala, akapanda ngazi taratibu, ameushika ukuta, akipumzika kila vipandio vitatu. Bibi alimfuata kwa macho mpaka mlango wa juu ukafungwa.

Filomena alileta wali na nguru wa kupaka. Filomena alikuwa mtu wa Karagwe, mwaka wa nne sasa katika nyumba ile, mcheshi wa chini chini, Mkatoliki ambaye alijua siku za kufunga za nyumba kuliko wenyewe. Aliweka sinia chini, lakini badala ya kurudi jikoni akabaki amesimama mlangoni, akijifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu.

"Daktari kasemaje?" Bibi akauliza.

Zakiya akasimulia, huku akilia. Alipofika kwenye neno akili, Aziz akamkata.

"Mama, wanataka kumtia jina la wazimu mtoto wa watu kwa sababu ya saumu. Saumu! Mtu asipokula mchana ni mgonjwa, basi Waislamu wote mwezi mzima tuko wodini."

Bibi alitenga mwiba wa nguru pembeni ya sinia bila haraka.

"Aziz, mimi nna miaka sabiini na nane. Nshaona watu wakifunga, na nshafunga nna mimba yako. Anayefunga huingoja maghribi. Hukaa akatazama saa, akatazama kisahani cha tende. Huyu wako maghribi ikiingia hukimbia. Leo ana kichwa, kesho anasoma mtihani, keshokutwa kala kwa rafiki. Hiyo saumu gani isiyotaka kufunguliwa?"

"Bibi anasema kweli," alisema Filomena kutoka mlangoni.

Watu wakageuka. Filomena hakuwa na tabia ya kuingia katika mazungumzo ya sinia.

"Futari yake iko kwenye karatasi laini," akasema, maneno yakimtoka harakaharaka kama mtu anayeshuka mteremko. "Anaikunja, anaweka mfukoni. Daku wanakula paka. Mimi nimeona tangu Ramadhani."

"Tangu Ramadhani," Aziz akarudia. "Na wewe umenyamaza."

"Nyumba niliyotoka nilisema, baba. Kuhusu mtoto wao. Wiki ileile wakanifungia sanduku langu, wakaliweka nje."

Aziz alikuwa na jibu, tena la kuchoma, lakini simu ikamwokoa, au tuseme ikamtumbukiza kisimani. Muuza dhahabu wa Hamriya: ameshikana na mteja juu ya bangili, polisi wameitwa, fundi aje kabla ya saa kumi. Mawe mapya ya Aziz, ya chuma kisichoshika kutu, yalikuwa serikalini yakikaguliwa kama kila mwaka. Basi akaenda chini ya ngazi kulitoa kasha la zamani, la mawe ya shaba aliyoachiwa na baba yake. Humo mlikuwa na mawe madogo ya dhahabu kwenye vishimo vyake vya mahameli, na safu ya mawe sita ya kilo moja moja.

Akafungua. Safu ya kilo ilikuwa na mawe mawili na vishimo vinne.

Alisimama pale akiwa ameshika kifuniko. Kisha akafanya kile ambacho mpaka leo akikikumbuka huacha kutafuna.

"Filomena! Njoo hapa. Mawe yangu yako wapi?"

Filomena akaja. Akatazama kasha. Uso wake haukushtuka, na hilo likamtia Aziz ghadhabu zaidi.

"Shaba inanunuliwa kwa kilo pale Hamriya, nami nawajua wanunuzi wote kwa majina," akasema. "Niambie mwenyewe kabla sijawauliza."

"Kaka!" Zakiya akapiga kelele.

Filomena akangoja mpaka kelele ikaisha. Aliongea polepole sasa, kama mtu ambaye alichokiogopa kimeshamfika na hakuna tena cha kuogopa.

"Mimi sichukui vitu, baba. Mimi nafua nguo. Mazoon ana gagulo jeupe, analivaa siku ya kliniki tu. Wiki ya kwanza nililifua lina mfuko kwa ndani, kiunoni, kashona kwa mkono. Nikasema labda anaweka simu. Wiki ya pili mifuko miwili. Wiki ya tatu mitatu. Wiki hii nimelianika lina minne."

Aziz alikuwa akihesabu. Kazi yake ni kuhesabu, kichwa chake hufanya hesabu hata kikikatazwa: moja, moja, moja, moja. Kilo kamili, kila wiki, kama saa. Kumbe haikuwa mashine ya damu.

Na juu, nyuma ya mlango uliofungwa, kitu kikaanguka kwenye vigae. Kling. Safari hii Aziz aliutambua mlio.

Alizipanda ngazi mbilimbili. Mlango wa bafu haukuwa na komeo. Alikuwa ameliondoa mwenyewe zamani, Mazoon alipokuwa mdogo akijifungia kucheza na maji. Mazoon alikuwa sakafuni kwa ubavu, sweta limepanda, midomo rangi ya udongo. Karibu na mkono wake jiwe moja la kilo lilikuwa bado likizungukazunguka, likapunguza, likatulia. Alikuwa akiyavua. Matatu yalikuwa bado kiunoni.

Aziz akamnyanyua jinsi alivyo, akapiga hatua moja, akamrudisha chini ili amtolee yale mawe. Mikono ile imebeba magunia na mizani za magunia, na hujua uzito kabla ya macho. Akayatoa matatu, akamnyanyua tena, na kwa nukta moja akageuka kutazama sakafuni, kwa sababu alidhani ameacha sehemu yake nyingine pale.

Garini Zakiya alikaa nyuma amempakata kichwa, Filomena amepakata miguu akiisugua. Bibi Mwanamize alikuwa keshakaa mbele kabla hawajafika, bakora katikati ya magoti, na hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

"Filomena," Aziz akasema kwenye kioo, akipanda mlima. "Neno nililokwambia..."

"Endesha gari, baba."

Akaendesha. Makaburi yalikuja upande wa kulia sasa, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile hakuyatolea salamu. Aliogopa kujibiwa.

Katika hospitali kubwa walimchukua mikononi mwake, wakamwingiza ndani, na mlango wa kusukuma ukawa unapepea nyuma yao. Saa nzima. Zakiya alipiga ile nambari ya kikaratasi, akaeleza na khabari ya mawe, na Daktari Khawla, ambaye siku mbili za wiki hufanya kazi hapo, alifika kutoka Qurum bila koti jeupe, viatu vya nyumbani miguuni. Akaingia. Akatoka akasema moyo ulitaka kusimama na umekataliwa, yuko macho, chumvi za damu zimepotea, wanazirudisha tone kwa tone, maana zikirudi kwa pupa nazo zinaua. Mtu mmoja anaweza kumwona.

Zakiya akamtazama kaka yake. Aziz akaenda.

Kitandani Mazoon alionekana kama mtu aliyechorwa kwa penseli juu ya shuka. Aziz alitafuta mzaha mfukoni mwake, mahali unapokaa siku zote, akakuta patupu.

"Mjomba," Mazoon akasema, "samahani kwa mawe yako."

"Mawe yatakwenda wapi. Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nikwambie nini? Ningesema nna mtu kichwani, ungecheka." Alipumzika kidogo. "Yuko mtu, Mjomba. Anapima. Nikiweka punje ya wali mdomoni anatangaza. Anatangaza mbele ya watu wote, na watu wanacheka. Nikilala anatangaza. Nikifunga ndiyo hunyamaza kidogo. Najua nakufa, si kwamba sijui. Nikimwambia nakufa, anasema bado, bado kidogo."

"Mtu gani huyo?"

Mazoon akafumba macho. "Simjui. Ila sauti yake ni kama yako."

Mashine ya moyo iliendelea kulia ti, ti, ti, milio ikiachana kuliko inavyopaswa. Aziz alisimama pale mpaka muuguzi alipomgusa bega. Nje, ukutani, alimwambia Daktari Khawla maneno yale, akitazama viatu vya daktari.

"Wasichana mia hutaniwa," daktari akasema, "na tisini na tisa hawaugui. Ugonjwa ulikuwa unakuja, Ami. Ulipofika ulitafuta sauti, ukaokota uliyoikuta karibu. Kujilaumu utajilaumu baadaye. Sasa hivi nataka saini." Akatoa karatasi ileile ya asubuhi, sasa imekunjwa katikati. "Maradhi ya akili, ya kula. Alazwe kwangu."

Ungedhani imekwisha. Mtu ameshika mawe kwa mkono wake, ameambiwa na mtoto mwenyewe. Lakini ujinga una adabu zake, hauondoki bila kuaga. Aziz alilitazama lile neno limechapwa kwa Kiarabu, wazi, na khofu ya zamani ikampanda, ile ya mtu anayejua watu wanavyosema.

"Andika moyo," akasema.

"Nini?"

"Moyo si ulitaka kusimama? Huo si uongo. Andika moyo, daktari, nakuomba kama nduguyo. Moyo ni ugonjwa wenye heshima."

"Nikiandika moyo atakwenda kwa madaktari wa moyo. Watamjaza chumvi siku tatu, mapigo yatanyooka, watamrudisha kwenu. Katika kasha lako yamebaki mawe mangapi?"

"Mawili."

"Basi ana wiki mbili. Kwangu atakaa na watu wanaojua kukaa na mtu saa nzima kwa kijiko kimoja, na wanaojua kuzungumza na huyo anayetangaza. Jina likiandikwa sivyo, na dawa itakuwa sivyo. Wewe wa mizani hujui hilo?"

"Najua!" Sauti ilimpanda, na watu wa benchi la pili wakageuka. Akaishusha. "Najua. Lakini wewe unajua watu wetu. Sisi sote ni ndugu hapa, kila ukoo unajua choo cha ukoo mwingine kilipo. Karatasi haifi. Itamfuata chuoni, itamfuata kazini, akija mtu kuposa itakuwa imemtangulia sebuleni imekaa. Atakuwa na miaka arobaini na bado wataambizana, yule aliyelazwa akili. Mimi nnamwonea huruma yeye. Sitaki aandikwe hivyo. Andika chochote kingine, andika tumbo, andika damu, lakini mtoto wangu asiandikwe!"

Zakiya alikuwa na kalamu mkononi, kifuniko kimeshatoka. Alimtazama kaka yake, halafu, kwa mara ya kwanza tangu afiwe, akamgeukia mama yake.

Bibi Mwanamize alikuwa kwenye benchi wakati wote huo, kidevu juu ya bakora, mtu akadhani amesinzia.

"Aziz," akaita. "Jumatatu si ulikwenda kumzika mama wa jirani?"

"Nilikwenda, mama. Lakini si wakati wa..."

"Mlimwekea mawe mangapi?"

"Matatu."

"Yameandikwa nini?"

"Yetu hayaandikwi kitu, mama. Unajua."

"Basi kama shida yako ni mtoto asiandikwe," Bibi akasema, "pa kumpeleka unapajua."